Unapoikopesha Serikali: Bajeti na Hatifungani kwa Mwananchi wa Kawaida

Kila mwezi wa Juni Waziri wa Fedha husoma bungeni Dodoma makadirio ya mapato na matumizi ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Katika daladala za Mbagala na Bunju mazungumzo ya siku hiyo huwa ni bei ya petroli na tozo mpya. Sehemu ya hotuba inayohusu mikopo ya ndani husikilizwa na wachache, ilhali inamgusa yeyote anayetafuta mahali pa kuweka akiba yake.

Tuchukue bajeti ya mwaka 2024/25. Jumla yake ilikuwa shilingi trilioni 49.35, na mapato ya ndani yalikadiriwa kufikia trilioni 34.61. Pengo kama hilo huzibwa kwa misaada na mikopo. Kutoka soko la ndani Serikali ilipanga kukopa trilioni 6.62, ambapo trilioni 4.02 zilikuwa za kulipa hatifungani na dhamana za muda mfupi zilizokuwa zikiiva, na trilioni 2.60 za miradi ya maendeleo. Sehemu kubwa ya mkopo mpya, basi, hulipa mkopo wa zamani. Ndivyo zifanyavyo serikali nyingi, zikiwemo za Marekani na Uingereza. Hata hivyo riba ya mikopo hiyo hulipwa na bajeti zijazo, yaani na kodi zetu sote, hata za asiye na hatifungani.

Mikopo hiyo hukusanywa na Benki Kuu ya Tanzania, kwa niaba ya Serikali, kwa njia ya mnada. Dhamana za muda mfupi hazizidi siku 364. Hatifungani ni za miaka 2, 5, 10, hata 25. Mwananchi hushiriki kupitia benki ya biashara au dalali wa soko aliyeidhinishwa, na kiwango cha chini cha hatifungani ni shilingi milioni 1. Riba hulipwa kila baada ya miezi sita, na mtaji hurejeshwa siku ya kuiva.

Mnada una jambo linalowachanganya wengi: bei hutajwa kwa kila shilingi 100. Bei ikiwa 96, hatifungani yenye thamani ya milioni 5 itakugharimu 4,800,000, lakini riba itahesabiwa kwa milioni 5 kamili. Ikiwa 104, utalipa 5,200,000 kwa riba ileile. Kwa hiyo asilimia ya riba peke yake haitoshi kukuambia faida yako.

Swali tunalotamani kila mnunuzi ajiulize kabla ya kutia saini ni hili: je, nitazihitaji fedha hizi kabla ya muda? Mwezi Aprili 2022 riba ya hatifungani ya miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Aliyeweka milioni 5 kwa riba hiyo mpya hupata 628,000 kwa mwaka. Tuseme amepata mgonjwa, au kiwanja chake cha Chamazi kinadai ujenzi, naye analazimika kuuza kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam wakati hatifungani mpya za muda kama huo zinalipa asilimia 15. Hakuna atakayempa 100. Kwa hesabu, bei itakuwa takriban 84, yaani kama milioni 4.2: hasara inayozidi riba ya mwaka mzima. Riba za soko zikishuka, naye atauza kwa faida. Serikali haijavunja ahadi yake katika hali yoyote kati ya hizo; ahadi yake ni ya siku ya kuiva. Ada ya shule ya Januari na fedha za kukopa hazina nafasi hapa.

Asiye na milioni moja anaweza kutazama Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS, ulioanzishwa mwaka 2019. Huko hununui hatifungani bali vipande vya mfuko, ambavyo thamani yake hupanda na kushuka.

Hatifungani husajiliwa kwa jina la mmiliki katika mfumo wa kielektroniki wa Benki Kuu. Anayekutaka utume fedha kwenye namba yake ya simu ili akununulie, au anayekuahidi riba ya asilimia 10 kila mwezi, hauzi hatifungani ya Serikali. Orodha ya madalali wenye leseni hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

Kwa vikoba tuna neno la ziada. Fedha za wanachama thelathini zikinunua hatifungani kwa jina la mwenyekiti, rejista humtambua mwenyekiti peke yake. Akifariki, warithi wake ndio watakaojitokeza kuidai. Kabla ya kununua, iulizeni benki masharti ya kufungua akaunti kwa jina la kikundi, na muandike katika muhtasari wa kikao mchango wa kila mmoja.