Moshi wa dhahabu waweza kumdhuru mama na mtoto tumboni

KATIKA machimbo madogo ya Nyatike, Kaunti ya Migori, dhahabu haipatikani kwa sururu pekee. Mawe husagwa yakawa unga, unga huoshwa kwa maji, kisha hutiwa zebaki. Zebaki hunasa chembe za dhahabu na kufanya donge la rangi ya fedha. Donge hilo likichomwa, zebaki hupaa ikawa mvuke na dhahabu hubaki.

Hatari imo katika mvuke huo. Hauonekani wala haunuki, kwa hivyo anayeuvuta hajui. Kiasi cha asilimia 80 ya zebaki anayoivuta mtu hubaki mwilini, ikaingia katika damu na kufika kwenye ubongo na figo.

Dalili huja polepole: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kusahausahau, hasira za haraka na fizi kuvimba. Wengi hudhani ni uchovu au malaria. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni sumu hiyo, na ubongo wa mtoto ndio kwanza unaumbika. Jambo hili ni zito kwa kuwa wanawake wengi huosha unga wa mawe machimboni, wengine wakiwa na watoto wao kando.

Je, mkazi wa mjini yu salama? La. Dhahabu inayofikishwa kwa wanunuzi huwa bado na zebaki kidogo. Ikiyeyushwa tena dukani, mvuke huwapata muuzaji, mnunuzi na majirani.

Tena kuna maji. Zebaki inayomwagika huchukuliwa na mvua hadi mitoni, na Mto Kuja huishia Ziwa Victoria, ziwa lile lile linalowalisha watu wa Homa Bay. Matopeni, vijidudu huigeuza kuwa aina kali zaidi inayoingia katika samaki. Samaki mkubwa alaye wenzake, kama mbuta, hukusanya nyingi kuliko omena. Hii si sababu ya kuacha samaki, ambaye ni chakula bora. Ni sababu ya kulinda ziwa.

Dunia ilijifunza haya kwa uchungu. Miaka ya 1950, katika mji wa Minamata, Japani, watu waliokula samaki kutoka ghuba iliyotiwa taka za kiwanda walianza kupooza na kutetemeka, na watoto wakazaliwa na ulemavu. Jina la mji huo ndilo lililopewa mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017. Kenya ilitia saini mwaka 2013.

Mkataba huo haukuwanyang'anya wachimbaji wadogo kazi yao. Unazitaka nchi zipunguze zebaki na, inapowezekana, ziiondoe kabisa. Kwanza zikomeshe mambo manne: kutia zebaki katika unga wote wa mawe bila kuuchuja, kuchoma donge mahali pa wazi, kuchoma karibu na makazi, na kutumia sianidi kwenye mabaki ambayo bado yana zebaki.

Sheria iliyo Geneva au Nairobi haimfikii mama aliye na karai mkononi mpaka aonyeshwe njia nyingine. Ipo: unga ukioshwa vizuri kwanza, zebaki inayohitajika ni kidogo. Donge likichomwa ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoozea, zebaki hunaswa na kutumika tena, na fedha huokolewa.

Kwa sasa, shika haya:

Usichome dhahabu nyumbani, wala kwa sufuria ya kupikia.

Wajawazito na watoto wakae mbali.

Badilisha nguo za kazi kabla ya kuingia nyumbani.

Kunywa maziwa hakuondoi zebaki mwilini.

Ukiona dalili tulizotaja, nenda hospitalini na umwambie daktari kazi unayofanya. Asipoijua kazi yako, huenda akatibu ugonjwa mwingine.