Kazi ya baharia katika meli ya makazi

Kazi ya baharia katika meli ya makazi ni kazi ya kuendesha, kutunza na kuhudumia meli ya abiria ambayo vyumba vyake vimeuzwa au kupangishwa kwa muda mrefu kwa watu wanaoishi humo. Meli ya namna hiyo hufanana kwa umbo na meli za utalii, lakini abiria wake ni wakazi: wengine hukaa ndani yake kwa miezi kadhaa kila mwaka, na wengine mwaka mzima. Kwa hiyo mabaharia wake hufanya kazi mahali ambapo kwa mtu mwingine ni nyumbani.

Mfano unaojulikana zaidi ni meli The World, iliyoanza safari mwaka 2002.

## Meli za makazi

Wazo la The World lilitoka kwa Knut U. Kloster Jr., wa familia ya wenye meli kutoka Norwei. Meli ina urefu wa mita 196 hivi, imesajiliwa Bahamas na ina makazi 165 ya ukubwa mbalimbali, kuanzia chumba kimoja hadi nyumba kamili yenye vyumba vya kulala, sebule na jiko. Mwaka 2003 wakazi waliinunua meli yenyewe. Tangu wakati huo wao ndio wenye mali, na huamua kwa pamoja meli ielekee wapi na fedha zitumikeje. Kwa kawaida wakazi na wageni waliomo kwa wakati mmoja ni 150 hadi 200, ilhali mabaharia ni takriban 280.

Meli nyingine ni Villa Vie Odyssey, meli ya utalii ya mwaka 1993 iliyobadilishwa matumizi. Ilitarajiwa kuondoka Belfast mnamo Mei 2024, lakini matengenezo yaliichelewesha hadi karibu na mwanzo wa Oktoba mwaka huohuo. Mradi mwingine, Life at Sea Cruises, uliahidi safari ya miaka 3, ukavunjika mnamo Novemba 2023 kabla ya kuanza kwa sababu meli iliyokusudiwa haikupatikana. Mifano hiyo inaonyesha kwamba ajira katika meli za makazi hutegemea sana uimara wa kampuni na wenye mali.

## Idara za kazi

Kama katika meli nyingine za abiria, kazi hugawanywa katika idara kuu tatu.

Idara ya sitaha iko chini ya nahodha na maofisa wake. Ndiyo inayoongoza meli, kutia na kung'oa nanga, kufunga kamba gatini, kupaka rangi na kutunza boti za uokoaji. Maofisa wa uongozaji hushika zamu usiku na mchana. Utaratibu wa kawaida ni saa 4 za zamu na saa 8 za kupumzika.

Idara ya mitambo iko chini ya mhandisi mkuu. Inahusika na injini, umeme, maji safi, maji taka, viyoyozi na majokofu. Katika meli ya makazi mafundi wake wana mzigo wa ziada: bomba linalovuja, jiko lisilowaka au mlango uliokwama ndani ya nyumba ya mkazi. Baadhi ya nyumba zimepambwa na kuwekewa vifaa jinsi mwenyewe alivyotaka, hivyo fundi hawezi kutegemea kwamba vyumba vyote ni sawa.

Idara ya huduma za hoteli ndiyo yenye watu wengi zaidi. Humo wamo wapishi, wahudumu wa mezani, wasafishaji wa vyumba, madobi, watunza bohari, makarani wa mapokezi na wauza duka. Daktari na wauguzi, walinzi na waongozaji wa matembezi ya nchi kavu hupangwa kwa namna tofauti kulingana na meli.

## Tofauti na meli za utalii

Katika meli ya kawaida ya utalii abiria hubadilika kila wiki moja au mbili. Mhudumu hukutana na maelfu ya watu kwa mwaka, na wengi wao hawaoni tena. Katika meli ya makazi mhudumu humhudumia mtu yuleyule kwa miaka. Anajua ni nani hanywi maziwa, nani huamka alfajiri na nani amefiwa. Mazoea hayo huifanya kazi iwe ya utulivu zaidi, lakini huleta ugumu wake. Mkazi ni jirani, mteja na mwenye mali kwa wakati mmoja. Akikosana na mfanyakazi, hawataachana mwishoni mwa wiki.

Kwa sababu hiyo usiri ni sehemu muhimu ya kazi. Msafishaji huingia katika nyumba yenye barua, dawa, picha na vitu vya thamani vya mwenye nyumba. Anayoyaona na kuyasikia humo hapaswi kuyatoa nje.

Tofauti nyingine ni njia ya safari. Meli nyingi za utalii huzunguka kutoka bandari moja na kurudi palepale, hivyo ni rahisi kupakia vyakula na kubadilishana mabaharia. Meli ya makazi huizunguka dunia bila bandari moja ya kurudia. Mtunza bohari hupaswa kuagiza mapema mahitaji yatakayopokelewa katika nchi nyingine kabisa, na baharia anayeanza au kumaliza mkataba husafirishwa kwa ndege hadi bandari ambako meli itakuwepo siku hiyo. Safari nyingine hufika sehemu za mbali: mwaka 2012 The World ilipita katika Njia ya Kaskazini-Magharibi, kati ya visiwa vya kaskazini mwa Kanada. Tangu mwaka 2017 kuna kanuni za kimataifa zinazohusu meli zinazoingia katika maji ya ncha za dunia, pamoja na mafunzo ya maofisa wake.

## Usalama

Kila baharia, awe mpishi au mhandisi, ana wajibu wa pili wakati wa hatari. Wajibu huo huandikwa katika orodha ya dharura inayobandikwa melini. Mhudumu wa mezani anaweza kuwa ndiye anayewaongoza watu kwenye ngazi, na dobi anaweza kuwa katika kikosi cha machela.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini (SOLAS), uliotungwa mara ya kwanza mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic, unazitaka meli za abiria kufanya mazoezi ya moto na ya kuiacha meli kila wiki, na kila baharia ashiriki walau mara moja kwa mwezi. Ishara ya hatari ni milio mifupi 7 au zaidi ikifuatwa na mmoja mrefu. Katika meli ya makazi mazoezi hayo yana ugumu wa pekee: mtu aliyeishi melini kwa miaka mingi huona ameyazoea na hana haja ya kutoka nyumbani kwake. Ni kazi ya mabaharia kumtoa kwa heshima lakini bila kulegea.

Usafi nao ni suala la usalama, kwa kuwa ugonjwa wa kuhara huenea haraka melini. Meli za abiria zinazotoka nchi nyingine na kufika bandari za Marekani zinaweza kukaguliwa na mamlaka ya afya ya nchi hiyo, ambayo hutoa alama hadi 100. Alama 85 au pungufu ni kushindwa. Taka nazo hutenganishwa, kwa sababu mkataba wa kuzuia uchafuzi wa bahari (MARPOL) unakataza kabisa kutupa plastiki baharini.

## Maisha ya mabaharia

Mabaharia huishi katika sehemu yao, kwa kawaida kwenye sitaha za chini. Maofisa wakubwa huwa na chumba cha peke yao, na wengine hulala wawili au zaidi katika chumba kimoja, mara nyingi bila dirisha. Wana ukumbi wao wa kulia, na meli nyingi huwapa pia baa, duka dogo na chumba cha mazoezi. Kuingia sehemu za wakazi nje ya kazi hutegemea cheo na kanuni za meli.

Hawana mwisho wa wiki. Kazi hufanywa siku 7, na mapumziko hupatikana kwa saa. Saa zenyewe hubadilika: meli ikielekea mashariki saa husogezwa mbele mara kwa mara, na baharia hupoteza saa moja ya usingizi.

Mikataba ya wahudumu mara nyingi ni miezi 6 hadi 9, na ya maofisa miezi 3 hadi 4. Katika muda huo baharia hukosa harusi, misiba na hatua za kwanza za watoto wake. Kwa upande mwingine, hali chakula wala kulala kwa gharama yake, hivyo anaweza kutuma nyumbani sehemu kubwa ya mshahara. Wengi hutoka nchi kama Ufilipino, India na Indonesia, ambako fedha hizo hujenga nyumba na kusomesha ndugu.

Udhaifu wa maisha hayo ulionekana wakati wa janga la UVIKO-19. Nchi nyingi zilifunga bandari na viwanja vya ndege, na mwishoni mwa mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba mabaharia 400,000 wa meli za kila aina walikwama melini baada ya mikataba yao kwisha.

## Haki za kisheria

Sheria kuu ni Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), ulioanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013. Unamhusu kila anayefanya kazi melini, si wale wa sitaha na mitambo tu. Miongoni mwa masharti yake:

- Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 16, na walio chini ya miaka 18 kwa kawaida hawaruhusiwi kufanya kazi usiku.
- Saa za kazi zisizidi 14 katika saa 24 wala 72 katika siku 7. Au mapumziko yasipungue saa 10 katika saa 24 na 77 katika siku 7. Nchi ya bendera huchagua mojawapo ya vipimo hivyo.
- Mshahara ulipwe walau kila mwezi, na baharia apewe maelezo yake kwa maandishi.
- Likizo ya malipo isipungue siku 2.5 kwa kila mwezi wa kazi.
- Baharia arudishwe kwao bila gharama kabla hajatimiza miezi 12 melini.
- Kitanda kisiwe chini ya sentimita 198 kwa 80.
- Baharia apate matibabu, na awe na njia ya kulalamika bila kuadhibiwa.

Marekebisho yaliyoanza mwaka 2017 yanamtaka mwenye meli awe na dhamana ya fedha ili, akiwatelekeza mabaharia, walipwe hadi miezi 4 ya mishahara wanayodai na kurudishwa kwao. Marekebisho mengine, ya Desemba 2024, yanahusu pamoja na mengine mawasiliano ya intaneti kati ya mabaharia na familia zao.

Utekelezaji hutegemea kwanza nchi ambayo meli imesajiliwa. Wakaguzi wa bandari inakofika meli nao wana mamlaka ya kuikagua, na wanaweza kuizuia isiondoke hadi kasoro kubwa zirekebishwe.

## Kuingia katika kazi hii

Mwombaji huhitaji pasipoti, kitabu cha baharia, cheti cha afya na vyeti vya mafunzo ya msingi ya usalama kwa mujibu wa mkataba wa mafunzo ya mabaharia (STCW) wa mwaka 1978. Mafunzo hayo ni kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama binafsi na mahusiano kazini. Wanaofanya kazi katika meli za abiria hufundishwa pia kuongoza umati wa watu. Cheti cha afya hudumu miaka 2 isiyozidi. Kiingereza huhitajika karibu kila mahali, na kwa kazi za hoteli uzoefu wa nchi kavu husaidia sana.

Katika Afrika Mashariki mafunzo ya ubaharia hutolewa, kati ya sehemu nyingine, na Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) na chuo cha Bandari Maritime Academy mjini Mombasa. Kenya iliridhia Mkataba wa Kazi za Baharini mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019.

Mkataba huo unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama zinazoweza kuwa juu ya baharia ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza hulipiwa na mwenye meli. Kwa hiyo anayedai fedha ili "kuhifadhi nafasi" melini anavunja masharti ya mkataba, na mara nyingi nafasi yenyewe haipo.

## Tazama pia

- Baharia
- Meli
- Nahodha
- Shirika la Kazi Duniani
- Utalii