SIMU YA MDAI NA SIMU YA MWONGO

NDUGU MSOMAJI, zamani mdai alikuwa na miguu na uso. Mtu akikopa unga na sukari dukani, au akichukua fedha kwa jirani, mwenye haki yake alikuja mwenyewe mlangoni. Alibisha hodi, akapewa kiti, akaulizwa habari za nyumbani kwake, ndipo akaeleza kilichomleta. Hata akiwa na hasira, macho ya watoto wa mdaiwa yalimfanya apunguze sauti. Siku hizi mdai hana miguu wala uso. Ana sauti tu, na sauti hiyo huingia chumbani alfajiri, huingia kazini mchana, huingia hata msibani, bila hodi.

Nyuma ya sauti hiyo imekuja nyingine, ya mtu asiyekudai chochote ila anakitamani ulicho nacho. Huyo ni tapeli. Makala haya yanazihusu sauti hizo mbili, na jinsi familia inavyoweza kuzikabili bila kupoteza fedha, heshima wala amani ya nyumba.

MJI UNAOISHI KWA SIMU

Tuchukue mfano wa mji wa Tunduma, mkoani Songwe, ambao umepakana na Nakonde ya Zambia. Barabara kuu iendayo kusini na reli ya TAZARA zote hupita hapo, na tangu Oktoba 2019 nchi hizi mbili zina kituo cha pamoja cha huduma za mpakani. Dereva wa lori hukaa siku nyingi mbali na mkewe. Mbadilisha fedha hupigiwa na wateja asiowajua. Mama anayeuza nguo Sogea, kijana anayepakia mizigo, wakala wa forodha, wote riziki yao hupitia simu.

Ndiyo maana ushauri ule mwepesi wa kusema "usipokee namba usiyoijua" haumfai mtu wa Tunduma. Namba asiyoijua huenda ndiyo mteja wa leo, au ni mume aliyeazima simu ya mwenzake akiwa ng'ambo ya mpaka. Hana budi kupokea. Basi swali si kupokea au kutopokea, bali ni kufanya nini baada ya kupokea.

Ukizichunguza vizuri simu za mdai mkorofi na za mwongo, utaona kwamba wote wawili hutumia silaha zile zile mbili: haraka na aibu. "Lipa ndani ya dakika kumi." "Tuma sasa hivi, mtoto yuko mahututi." "Usimwambie mtu." "Tutawaambia wote." Haraka hukunyima nafasi ya kufikiri, na aibu hukunyima nafasi ya kuuliza. Anayeweza kuzikataa mbili hizo amekwisha kushinda nusu ya vita.

MDAI ASIYE NA USO

Mikopo ya programu za simu ilipoingia, wengi waliiona kuwa mkombozi. Haidai hati ya nyumba wala barua ya mwajiri. Unabonyeza, fedha zinaingia. Lakini kabla ya kukopeshwa uliombwa ukubali programu isome orodha ya namba zako. Huo ndio uliokuwa rehani. Siku ukichelewa, mkopeshaji hakupigii wewe peke yako; humpigia mkweo, msimamizi wako wa kazi, mwenyekiti wa kikundi chako cha kuweka na kukopa, hata fundi aliyekutengenezea paa miaka miwili iliyopita. Wote huambiwa kwamba wewe ni mdaiwa sugu, na pengine huambiwa kuwa wao ndio wadhamini.

Riba yenyewe nayo yafaa itazamwe. Tuseme umeomba shilingi 100,000, zikakatwa 20,000 za "huduma" kabla hujazipokea, nawe unatakiwa kurudisha 100,000 baada ya siku saba. Mkononi uliingiza 80,000 tu. Kwa hiyo umelipa robo ya fedha ulizopata, kwa juma moja! Benki Kuu ya Tanzania imewawekea watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani shilingi 3,500 kwa kila 100,000. Si ajabu basi kwamba wananchi wenyewe wameipa mikopo ya namna ile jina la "kausha damu".

Serikali haikukaa kimya. Ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayomtaka kila mkopeshaji wa biashara hiyo awe na leseni. Mwezi Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kwa njia ya kidijitali, na mwezi Novemba mwaka huo ikatangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali, ikawatahadharisha wananchi wajiepushe nayo. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeunda Tume ambayo mwananchi anaweza kuipelekea malalamiko pale namba zake na za jamaa zake zinapotumiwa kinyume cha haki.

Jirani zetu wa Kenya wameyaonja haya pia. Mwezi Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi hiyo aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000, kwa sababu ya kuchukua majina na namba za watu kutoka kwa wengine na kuwasumbua kwa simu na ujumbe wa vitisho.

Hapa hatuna budi kusema jambo moja waziwazi. Deni halali ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Ukorofi wa mdai haufuti ulichokopa. Lakini vilevile deni halifuti utu wa mdaiwa. Ni mambo mawili mbalimbali, na mkorofi hupenda uyachanganye, ili kila tusi ulione kuwa unastahili. Shauri la deni ni la madai, na mwenye kuamua ni mahakama. Anayekuambia kwamba polisi wako njiani kwa sababu umechelewa siku mbili anakutisha tu. Kwa upande mwingine, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu kuwa mkosaji mtu atumaye ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha au kumnyanyasa mwenzake, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili.

Je, ufanye nini akipiga? Muulize jina lake, jina la kampuni, na kiasi kamili unachodaiwa, na umtake akuandikie. Kisha kata simu, ukaangalie kama kampuni hiyo imo katika orodha ya wenye leseni inayotolewa na Benki Kuu. Kama deni ni lako na kampuni ni halali, pendekeza malipo kidogo kidogo unayoyaweza kweli, ulipe kwa njia ya kampuni na si kwa namba ya mtu binafsi, na uhifadhi kila ujumbe wa malipo. Usikope programu ya pili ili kuilipa ya kwanza. Hapo ndipo wengi walipozama. Matusi nayo usiyafute. Andika tarehe, saa na namba, kwani huo ndio ushahidi.

Na wewe unayepigiwa kwa ajili ya deni la mwingine, kumbuka kwamba mdhamini ni yule aliyekubali kudhamini, si yule ambaye jina lake limekutwa katika simu ya mtu. Jibu kwa kifupi kwamba hukudhamini, kisha umpigie ndugu yako kwa upole umweleze. Usiipeleke habari hiyo kwenye kundi la ukoo. Ukifanya hivyo umemfanyia mkorofi kazi yake bila ujira.

MWONGO MWENYE HURUMA

Tapeli, kinyume cha mdai, mara nyingi huanza kwa sauti laini. Mbinu zake zinajulikana. Iko ile ya ujumbe mfupi: "Ile hela itume kwenye namba hii", ambao humnasa mtu aliyekuwa kweli anajiandaa kutuma fedha. Iko ile ya ujumbe wa bandia unaosema umepokea fedha, ukifuatwa na mtu anayelia kwamba amekosea namba na kukuomba umrudishie. Wako wanaojidai kuwa walimu, wakisema mtoto ameanguka shuleni na anatakiwa kupasuliwa. Wako wanaoahidi utajiri wa Freemason, na wanaojiita wafanyakazi wa kampuni ya simu wakitaka namba yako ya siri.

Katika mji wa mpakani tapeli hana haja ya kubuni mengi. Atasema mzigo wako umezuiliwa na unahitaji ushuru wa haraka, au mumeo dereva amepata ajali ng'ambo, naye msikilizaji ataamini, kwa sababu mambo hayo hutokea kweli. Yafaa ikumbukwe kwamba malipo ya Serikali hufanywa kwa namba maalumu ya kumbukumbu ya malipo, wala hayatumwi kwenye simu ya mtu.

Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zimeitaja mara kwa mara mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Rukwa ni jirani wa Songwe. Hata hivyo, si haki kumshuku msafiri kwa mkoa anakotoka. Sauti haina kitambulisho, na laini inayotumika huenda imesajiliwa kwa jina la mtu asiye na habari kabisa.

Hilo la mwisho linamhusu kila mmoja wetu. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na zile zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Wajanja nao wakapata upenyo: msajili wa mitaani hukuambia kidole hakikusoma, weka tena, weka tena, kumbe kila mara anasajili laini nyingine kwa jina lako. Leo hii, kabla hujalala, bonyeza *106# utazame ni laini ngapi zilizo kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya kampuni husika ikaondolewe.

Kuhusu simu zenyewe, kanuni ni chache. Namba ya siri haitajwi kwa yeyote, hata kwa anayejua jina lako lote. Kampuni za simu humpigia mteja kwa namba 100 tu. Ukiambiwa umetumiwa fedha kimakosa, tazama salio lako mwenyewe, na mwambie anayelia aende kwa kampuni yake irudishe muamala. Ujumbe wa kitapeli upeleke namba 15040 ya TCRA. Utaulizwa namba iliyoutuma, nayo uitume. Na kama fedha zimekwisha kwenda, piga 100 mara moja, kisha ukatoe taarifa polisi. Usione haya, maana kunyamaza kwako ndiko kunakomwachia mwizi nafasi ya kumpigia jirani yako.

DAWA IKO SEBULENI

Pamoja na sheria na namba hizo zote, kinga kubwa ni mazungumzo ya nyumbani. Mkopo wa simu hustawi gizani. Baba amekopa bila mama kujua. Mama naye amekopa ada ya mtoto bila baba kujua. Kila simu inapolia mmoja hutoka nje kuipokea, na mwenzake huanza kudhani mengine kabisa. Nyumba ngapi zimevunjika kwa tuhuma za mapenzi ya siri, kumbe aliyekuwa akipiga usiku ni mdai! Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Litaje deni mapema, ukiwa umekaa na mwenzako, na mdai mkorofi atakuwa amenyang'anywa tishio lake kubwa, kwa kuwa hatakuwa na wa kumwambia ambaye hajui.

Jumapili hii, baada ya chakula, familia na ikae pamoja. Ziandikwe kwenye karatasi namba za mwalimu mkuu, za zahanati na za mwajiri wa baba dereva, ili ikija habari ya kutisha, apigiwe huyo kwanza. Lichaguliwe neno moja la nyumbani, ambalo mwenye shida ya kweli atalitaja akipiga kwa namba ngeni. Bibi na babu wafundishwe taratibu, bila kuchekwa. Na kama shida ya fedha ipo, itazamwe njia yenye uso: SACCOS ya kazini, kikundi cha akina mama, au mikopo isiyo na riba ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024.

Simu itaendelea kulia, ndugu msomaji. Ipokee, sikiliza, kata, uliza. Mwenye haki yake hatadhurika kwa kusubiri dakika tano ukihakikisha. Asiyeweza kuzisubiri dakika hizo tano amekwisha kujitambulisha mwenyewe.