ANGA YA VISIWA NA WANAOIONGOZA: HUDUMA YA KUONGOZA NDEGE INAVYOENDESHWA NCHINI

Abiria wanaosafiri baina ya Unguja, Pemba na Dar es Salaam mara nyingine huona ndege imeshafunga milango, injini zinanguruma, lakini haiondoki. Wako wanaodhani kuwa rubani anachelewa kwa hiari yake, na wako wanaoelekeza lawama kwa uongozi wa kiwanja. Mara nyingi ndege hiyo huwa inasubiri ruhusa ya muongoza ndege. Maelezo yafuatayo yanawafahamisha watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla ni chombo gani kinachotoa ruhusa hiyo, kinafanya kazi kwa utaratibu gani, na wananchi wana wajibu gani.

Kiwanja na anga

Jambo la mwanzo la kufahamika ni kwamba kiwanja cha ndege na anga iliyo juu yake vina wasimamizi tofauti. Viwanja vya Unguja na Pemba vinasimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Mamlaka hiyo ndiyo yenye dhamana ya majengo ya abiria, maegesho ya ndege na matengenezo ya njia ya kurukia.

Kuongoza ndege ni kazi nyengine. Kwa mujibu wa Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, usafiri wa anga ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Kazi hiyo inafanywa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambayo huweka waongozaji wake katika minara ya viwanja, ikiwemo ya Unguja na Pemba, na katika kituo kikuu cha Dar es Salaam. Mamlaka hiyo pia ndiyo inayotoa leseni na kusimamia kanuni za usafiri wa anga.

Utaratibu huu una historia yake. Hadi mwaka 1977 huduma za anga za Tanzania, Kenya na Uganda ziliendeshwa kwa pamoja chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika, kila nchi ililazimika kuunda chombo chake. Tanzania ilianza na Idara ya Serikali, ikaigeuza kuwa Wakala mwaka 1999, na hatimaye kuwa Mamlaka kamili mwaka 2003. Wajibu wenyewe unatokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga yake na papo hapo kuitaka itoe huduma za kuongozea ndege kwa viwango vilivyokubaliwa na mataifa.

Safari moja, mikono mingi

Kabla ya safari, rubani au kampuni yake huwasilisha mpango wa safari unaoeleza aina ya ndege, njia itakayopita, kimo, muda na mafuta iliyonayo. Taarifa za hali ya hewa hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Baada ya hapo rubani huomba ruhusa kwa redio, hatua kwa hatua: kuondoka kwenye maegesho, kuingia katika njia ya kurukia, na kuruka. Muongozaji wa mnara hutoa ruhusa hizo. Ndege ikishapaa hukabidhiwa kwa muongozaji anayeshughulikia eneo linalozunguka kiwanja, na ikifika mbali zaidi hukabidhiwa kituo cha Dar es Salaam. Kwa kuwa Unguja na Dar es Salaam zimetengana kwa takriban maili 40 tu za baharini, waongozaji wa pande mbili hulazimika kukubaliana mapema juu ya njia na kimo cha ndege.

Kanuni kuu ya kazi hii ni kutenganisha. Ndege mbili zinazopishana hupewa vimo vilivyoachana kwa futi 1,000 au zaidi. Zikiwa katika kimo kimoja na zinaonekana kwa rada, huachanishwa kwa maili 5 za baharini, au 3 karibu na kiwanja kwa masharti maalumu. Pasipokuwa na rada masafa huwa makubwa zaidi, kwani muongozaji hutegemea taarifa za marubani na saa yake. Kutokana na mkataba uliotiwa saini mwaka 2017, rada 4 za kiraia zimefungwa Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe.

Kiwanja cha Kimataifa cha Abeid Amani Karume kina njia moja tu ya kurukia, yenye urefu wa zaidi ya mita 3,000. Njia hiyo hutumiwa na ndege kubwa zitokazo Ulaya na Ghuba, na hutumiwa vile vile na ndege ndogo ziendazo Pemba. Ndege kubwa inapopaa huacha nyuma yake msukosuko wa hewa unaoweza kuipindua ndege ndogo. Kwa hivyo ndege ndogo huzuiliwa kwa dakika 2 au zaidi. Abiria huiona njia iko tupu na haoni sababu ya kusubiri, ilhali hatari ipo, ila haionekani kwa macho.

Uzito wa neno

Chombo kikuu cha muongozaji ni maneno. Kila agizo muhimu hurejewa na rubani kama lilivyotolewa, ili kosa lijulikane kabla halijaleta madhara. Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika kisiwani Tenerife tarehe 27 Machi 1977. Katika ukungu mzito, rubani wa ndege moja kubwa alianza kuruka bila ya ruhusa huku ndege nyengine ikiwa bado katika njia ile ile. Watu 583 walipoteza maisha. Tangu hapo maneno ya redio yalirekebishwa, na neno la "kuruka" katika Kiingereza cha marubani halitamkwi isipokuwa wakati wa kutoa ruhusa hiyo au kuifuta.

Kwa sababu hiyo, muongozaji hapewi leseni ya kimataifa kabla ya kutimiza umri wa miaka 21, na ni lazima apimwe afya na ufasaha wa lugha. Redio ikiharibika, mnara hutumia taa: kijani isiyokatika humruhusu rubani kutua, na nyekundu isiyokatika humwamuru azipishe ndege nyengine na kuendelea kuzunguka. Ndege iliyo katika hatari hupewa nafasi ya kwanza. Cheo cha abiria hakiwezi kupunguza masafa ya usalama.

Gharama za huduma hulipwa kwa ada zinazotozwa ndege, zikiwemo zile zinazopita juu ya nchi bila ya kutua. Mkataba wa Chicago unakataza kuzitoza ndege za kigeni ada kubwa kuliko za wenyeji zinazofanya safari za aina hiyo hiyo.

Wajibu wa wananchi

Mtu anayekusudia kujenga jengo refu au kusimamisha mnara karibu na kiwanja hana budi kupata kibali cha urefu kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kuanza kazi. Ndege zisizo na rubani nazo haziruhusiwi kurushwa bila ya kibali. Wazazi wanaombwa kuwakataza watoto kurusha vishada katika mapito ya ndege, na taka za chakula zisitupwe karibu na kiwanja, kwani huvuta kunguru.

Watumishi wanaosafiri kikazi wanashauriwa wasipange mkutano kwa kufuata dakika ya mwisho ya ndege. Malalamiko juu ya majengo ya kiwanja yapelekwe kwa Mamlaka ya Viwanja, na malalamiko juu ya tiketi na mizigo yapelekwe kwanza kwa kampuni ya ndege. Ama ndege inayosubiri amri ya mnara, hiyo inasubiri kwa ajili ya usalama wa waliomo ndani yake na wa wale waliomo katika ndege nyengine.