Mwanga wa ajabu juu ya Ziwa Tanganyika mara nyingi ni sayari Zuhura

MWANGA mkali mweupe unaoonekana jioni upande wa milima ya Kongo, ukining’inia juu ya Ziwa Tanganyika na kisha kushuka taratibu hadi kutoweka, kwa kawaida si chombo cha viumbe wa sayari nyingine. Katika miezi ambayo Zuhura huonekana jioni, mwanga huo ni sayari hiyo, ambayo hakuna nyota wala sayari nyingine inayoizidi kwa kung’aa.

Kwa wakazi wa Kigoma na Ujiji, kuitambua si suala la kujifurahisha tu. Wavuvi wa dagaa na migebuka hufanya kazi usiku, na chombo kinapopata hitilafu gizani, taa au tochi huwa ndiyo njia ya kuomba msaada. Anayeuogopa kila mwanga asioujua anaweza kumkimbia mwenzake anayezama, na anayesema “hiyo ni nyota tu” bila kuchunguza anaweza kumwacha afe.

Hatari za ziwa hilo ni za kweli. Desemba 2014, meli Mutambala ilipopinduka upande wa Kongo, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha.

Kwa nini Kigoma

Mji wa Kigoma uko ufukwe wa mashariki, hivyo anayesimama Kibirizi au Ujiji na kulitazama ziwa huwa anatazama magharibi, kunakozama jua. Mbele yake kuna maji yenye upana wa wastani wa kilomita 50, na ng’ambo yake milima ya Kongo. Hakuna taa za jiji kubwa za kufifisha anga.

Aidha, Kigoma hutumia saa moja na Dar es Salaam ingawa iko mbali magharibi. Jua huzama huko karibu saa 1 usiku, takriban dakika 40 baada ya kuzama Dar es Salaam. Zuhura inapokuwa mbali zaidi na jua huweza kukaa angani saa tatu baada ya jua kutua, hivyo Kigoma huonekana hadi karibu saa 4 usiku, wakati watoto wamelala na wavuvi wako majini.

Kwa kuwa Kigoma haiko mbali na Ikweta, nyota na sayari za upande huo hushuka karibu wima, tofauti na Ulaya ambako huteremka kwa mshazari. Ndiyo maana Zuhura huonekana kama kitu kinachotua ziwani. Maji yakiwa shwari, mwanga wake huweza hata kuchora mstari mweupe juu ya maji.

Mng’ao huo hutokana na mawingu mazito ya tindikali ya salfa yanayoifunika sayari hiyo, ambayo hurudisha takriban robo tatu ya mwanga wa jua unaoifikia.

Jicho linavyodanganyika

Mtu anayekazia macho nukta moja ya mwanga katika giza totoro, bila kitu kingine cha kulinganisha nacho, huanza kuiona ikitembea. Hali hiyo husababishwa na miendo midogo ya jicho, ambayo ubongo huitafsiri kuwa ni mwendo wa kitu kinachotazamwa. Kwa aliye ndani ya mtumbwi unaoyumbishwa na mawimbi, kosa hilo huwa kubwa zaidi.

Mawingu nayo hudanganya. Yanapopita mbele ya sayari, ni sayari inayoonekana kukimbia. Vivyo hivyo, abiria wa gari huona mwanga “ukimfuata”, kwa sababu miti hupita haraka ilhali sayari, iliyo mbali kwa mamilioni ya kilomita, haionekani kubadili mahali.

Rangi pia zina sababu yake. Mwanga wa kitu kilicho chini karibu na upeo wa macho hupita katika tabaka nene la hewa lenye joto lisilolingana, ukapinda na kugawanyika. Nyota Sirius, inayong’aa kuliko nyota zote za usiku, hapo huonekana ikimetameta nyekundu, kijani na buluu. Wakati wa kiangazi, moshi wa mbuga zinazoungua huweza kuigeuza Zuhura kuwa nyekundu kama kaa la moto.

Hofu ya vita na visahani

Hofu huongeza kosa hilo. Agosti na Septemba 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, watu wengi nchini Afrika Kusini walidai kuona usiku ndege ya Wajerumani. Kipindi hicho Zuhura ilikuwa iking’aa jioni upande wa magharibi, na ndiko lilikokuwa koloni la Wajerumani la Afrika Kusini Magharibi, ambalo sasa ni Namibia.

Kigoma yenyewe ilipata kilicho cha kweli. Juni 1916, ndege za Wabelgiji zinazotua majini ziliruka kutoka ng’ambo ya ziwa na kuishambulia bandari hiyo kwa mabomu. Wakazi walioona vitu vigeni angani siku hizo hawakukosea.

Tukio linalokumbukwa zaidi Tanganyika ni la Februari 19, 1951. Rubani Jack Bicknell wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, akitoka Nairobi kwenda Mombasa asubuhi, pamoja na watu waliokuwa ndani ya ndege yake, waliona kitu king’aacho juu ya Mlima Kilimanjaro. Zuhura haiwezi kuwa jibu hapo, kwani mwezi huo ilikuwa nyota ya jioni na asubuhi ilichomoza baada ya jua. Kila tukio lazima lipimwe kwa tarehe, saa na upande wake.

Nchini Marekani, jeshi la anga lilikusanya taarifa 12,618 za vitu vya aina hiyo kati ya 1947 na 1969. Zilizobaki bila maelezo ni 701. Nyingi ya zilizoelezwa zilitokana na nyota, sayari, ndege, maputo na vimondo.

Tangu Mei 2019 kuna kilichoongezeka: setilaiti za Starlink za kampuni ya SpaceX, ambazo siku chache baada ya kurushwa hupita kama msururu wa taa zilizofungwa kwenye uzi mmoja.

Jinsi ya kutambua

Kanuni ya kwanza kwa mtu wa Kigoma ni milima ya Kongo. Nyota haiwezi kuonekana mbele ya mlima. Mwanga wowote ulio chini ya kilele cha milima hiyo ni wa chombo, nyumba au moto.

Pili, mtazamaji ausogelee mti au pembe ya paa na kuulinganisha mwanga nayo kwa dakika 15, akiwa amesimama pale pale. Sayari itateremka polepole upande wa magharibi, bila kurudi nyuma wala kwenda kando ghafla. Kesho yake, saa ile ile, itakuwa karibu pale pale.

Tatu, kalenda. Zuhura hurudia mzunguko wake wa kuonekana kila baada ya siku 584, ikikaa takriban miezi minane au tisa jioni, kisha muda kama huo alfajiri. Kwa mwaka 2026, hesabu zinaonyesha kuwa itafikia umbali wake mkubwa kutoka jua la jioni Agosti 15.

Taa inayowaka na kuzimika, tochi inayozungushwa, au mwanga mwekundu unaopanda na kuanguka kwa chini ya dakika moja, si tabia ya sayari. Anayeuona anapaswa kukumbuka upande na saa, kisha kuuarifu mara moja uongozi wa mwalo au polisi.