Habari ya Tufani za Bahari, na Namna ya Kuangalia Mvua ya Lualaba

Ninyi wenye mashamba, na ninyi wenye ndugu katika mashimo ya shaba na kobalti, kando ya Kolwezi, Lubudi, Mutshatsha na Fungurume, sikilizeni. Kila mwaka, tangu Novemba mpaka Aprili, habari hufika kijijini kwamba tufani kubwa imezaliwa baharini nayo yaja. Siku hizi habari hiyo huja kwa simu, pamoja na picha ya wingu jeupe lililojiviringa kama konokono. Wengine huogopa wakaacha kupanda. Wengine hucheka, wakashuka shimoni kama kwamba hakuna neno. Wote wawili hawakuangalia vema.

Tufani ni upepo uzungukao. Huzaliwa juu ya bahari yenye joto lipitalo digrii 26, nayo hula mvuke wa bahari kama moto ulavyo kuni. Upande wetu wa kusini wa dunia huzunguka kama mishale ya saa. Ikifika nchi kavu hukosa chakula chake, ikadhoofika. Sasa fikirini: toka Beira, mji wa pwani ya Msumbiji, mpaka Kolwezi ni kama kilometa 1,400 kwa njia ya ndege, tena Kolwezi iko juu, zaidi ya meta 1,400 kupita bahari. Kwa hiyo upepo wa tufani wenyewe hauwafikii ninyi. Lakini mawingu yake huweza kwenda mbali. Tufani Eline ya Februari 2000 iliingia nchi kavu kwa Msumbiji, na mabaki yake yakapeleka mvua mpaka Botswana na Namibia, nchi zenye jangwa.

Ofisi iliyopewa kazi ya kufuata tufani za bahari yetu iko katika kisiwa cha Réunion. Lakini si mabwana wa ofisi peke yao wanaoangalia. Wako watu wengi wa kawaida wasiolipwa kitu, ambao kila siku hutazama picha za mawingu zitokazo kwenye setilaiti, wakaandika waliyoyaona. Kazi yao ni ya saburi. Kwanza huona fungu la mawingu tu juu ya maji. Huuliza: kesho litakuwapo bado, ama litatawanyika? Likidumu, hutazama kama linaanza kuzunguka mahali pamoja. Upepo wake ukifika kilometa 63 kwa saa, hupewa jina. Ukifika 118, ndiyo saikloni yenyewe. Mafungu mengi hufa kabla ya kupata jina lolote. Kwa hiyo mtu akikuonyesha wingu la baharini leo, ameona mbegu tu, wala hajaona mti.

Lakini mbegu moja moja huota vibaya. Mwanzo wa Machi 2019 wingu la namna hiyo liliingia Msumbiji na Malawi, likaleta mafuriko. Halafu likarudi baharini, likala tena, likapata nguvu, na usiku wa tarehe 14 likaipiga Beira. Hiyo ndiyo Idai, iliyoua watu zaidi ya 1,000 katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Mtu aliyefunga daftari lake wingu lilipoingia nchi kavu mara ya kwanza aliikosa habari kubwa. Freddy ya 2023 ilitoka upande wa Australia, ikavuka bahari yote, ikaingia Msumbiji Februari, ikarudi tena Machi. Katika Malawi peke yake waliokufa walipita 600, wengi wao kwa udongo ulioporomoka milimani wala si kwa upepo.

Angalieni sana neno hilo la udongo, kwa maana ndilo linalowahusu ninyi. Mashimo ya Lualaba huchimbwa katika udongo ule ule unaokunywa maji. Tarehe 15 Novemba 2025, huko Kalando, Mulondo, daraja la mgodi lilianguka chini ya umati, wakafa watu wasiopungua 32. Wakubwa wa jimbo walikuwa wamekataza watu wasiingie, kwa sababu ya mvua nyingi na hatari ya maporomoko. Sisemi kwamba mvua ndiyo iliyoliangusha daraja. Taarifa moja ilisema watu waliogopa milio ya bunduki wakakimbilia hapo. Lakini katazo lilikuwako, na sababu yake ilikuwa kweli. Udongo ulioshiba maji huweza kuanguka hata baada ya mvua kukatika, jua likiwa linawaka.

Basi pimeni. Twaeni mkebe ambao mdomo wake na kitako chake ni sawa. Mkebe mpana juu na mwembamba chini hudanganya. Uwekeni mahali pa wazi, mbali na mti na paa. Kila siku saa moja asubuhi tieni kijiti chenye alama za milimita, someni, andikeni, mwageni. Milimita 1 ni lita 1 ya maji kwa kila meta moja ya mraba. Mvua ya milimita 20 juu ya bustani ya meta 10 kwa 10 ni lita 2,000, yaani mapipa 10 ya lita 200. Mkijumlisha siku tatu au nne mtajua maji kiasi gani yameanguka juu ya ukingo wa shimo, na kijana anayetaka kushuka mtaweza kumwonyesha hesabu badala ya kugombana naye.

Daftari hilo husaidia shamba pia. Mvua ya kwanza ya Oktoba huweza kufuatwa na siku nyingi za jua, na mahindi yaliyopandwa upesi yakafa. Chimbeni kwa jembe kwanza. Kama chini bado ni vumbi, ngojeni.

Wingu likipanda na kichwa chake kikatandaa kama fuawe la mhunzi, lina radi. Mkiona umeme, hesabuni sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilometa 1. Zisipofika 30, tokeni shambani, ingieni nyumba imara, wala msisimame chini ya mwembe.

Na picha ya simu ikija, ulizeni ilipigwa siku gani, na juu ya bahari gani. Isiyo na tarehe haina kazi. Ulizeni METTELSAT, ofisi ya hali ya hewa ya Kongo, wanasema nini.

Siku isiyo na mvua andikeni 0. Msiache mahali patupu, kwa maana baadaye hamtajua kama mvua haikunyesha ama hamkuangalia.