Ndege wa Bahari Kubwa

Mwisho wa Afrika, upande wa kusini, kuna mji wa Cape Town. Huko miezi ya 6, 7 na 8 ni majira ya baridi. Upepo ni mkali na mawimbi ni kama vilima. Hata hivyo watu huvaa makoti mazito na kupanda chomboni asubuhi mapema. Wanakwenda wapi? Wanakwenda kutazama ndege.

Karibu na pwani wanamwona ndege mweupe mwenye kichwa cha manjano. Akiona samaki, hukunja mabawa na kujitupa majini kama mkuki. Mbali zaidi, ambako nchi kavu haionekani tena, wanakuja ndege wadogo wenye madoadoa meusi na meupe. Mwishowe anatokea albatrosi mwenye nyusi nyeusi. Mabawa yake yakinyoshwa yanapita mita 2. Hayapigi sana: upepo humpandisha, naye hushuka, kisha hupanda tena. Je, anakunywa nini? Anakunywa maji ya bahari. Juu ya macho yake mna tezi zinazotoa chumvi katika damu, nayo hutoka kwa njia ya pua.

Albatrosi wengi wa namna hii wanaoonekana huko huzaliwa katika kisiwa cha South Georgia, mbali sana. Jike hutaga yai 1 tu kwa mwaka, wala haanzi mpaka apate miaka kama 10. Kwa hiyo akifa mmoja, si rahisi kupata wa kushika nafasi yake.

Nao hufaje? Wavuvi hutupa kamba ndefu yenye ndoana nyingi. Albatrosi humeza chambo, ndoana humnasa, na kamba humvuta chini mpaka afe maji. Mvuvi hakumtaka ndege. Naye amepata hasara, maana chambo kimeliwa.

Dawa yake si ya gharama kubwa. Nyuma ya chombo hufungwa kamba yenye tepe za rangi zinazopepea. Ndege huogopa, na chambo huzama. Wengine hutia vyuma vizito ili kamba izame upesi, ama huitupa usiku. Katika maji ya Afrika ya Kusini vifo vya albatrosi vimepungua sana kwa njia hizo.

Mkulima huweka sanamu shambani ili kulinda mbegu. Mvuvi mwenye akili hulinda chambo chake, na ndege pia.

Maswali
1. Albatrosi huruka namna gani?
2. Kwa nini kifo cha albatrosi mmoja ni hasara kubwa?
3. Tepe za rangi zinamsaidia nani?